Mkojo Ukichoma, Pima Kabla ya Kumeza

Katika maduka ya dawa ya Bwera na Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, maneno mawili yanatosha kumaliza biashara: "Nina UTI." Muuzaji anahesabu vidonge vya antibayotiki iitwayo sipro, anaongeza vya flaji (metronidazo), pengine na kidonge kimoja cha fangasi, anavitia kwenye bahasha ndogo na kuandika 1x2 juu yake. Mkojo wenyewe haujaonwa na mtu. Mnunuzi hajaulizwa kama ana mimba, kama ana homa, wala kama alimeza dawa hizo hizo mwezi uliopita. Makala haya yanatetea jambo moja: maambukizi ya njia ya mkojo yanatibika vizuri, tena kwa dawa za kawaida, lakini dawa imekuwa rahisi kupatikana kuliko kipimo, na pengo hilo ndilo linalowarudisha watu wengi dukani na malalamiko yale yale. Anayetaka kupona kwanza ajue anaumwa nini.

UTI ni maambukizi ya bakteria katika mrija wa kutolea mkojo, kibofu, mirija inayoshuka kutoka kwenye figo, au figo zenyewe. Bakteria anayehusika mara nyingi ni Escherichia coli, ambaye anaishi ndani ya utumbo wa kila mtu bila kumsumbua mwenyeji wake. Shida inaanza anapotoka kwenye njia ya haja kubwa, akafika kwenye tundu la mkojo na kupanda kibofuni. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, na wa mwanamume unakaribia sentimita 20. Ndiyo maana wanawake huugua zaidi, bila kuwa wachafu zaidi. Tendo la ndoa linaweza kumsukuma bakteria huyo kuelekea kibofuni. Ujauzito unalegeza na kubana mirija, mkojo ukatembea polepole. Kisukari kinapunguza nguvu ya mwili kujilinda. Kwa wazee wa kiume, tezi dume iliyovimba inaacha mkojo kibofuni, na mkojo uliotuama ni shamba zuri la vijidudu. Kwa mgonjwa aliyelazwa, mpira wa mkojo unakuwa njia ya wazi.

Maelezo hayo yanapingana na imani iliyoenea sana kwamba UTI huokotwa chooni. Wanawake wengi wanaamini kuwa mvuke wa choo cha shimo au kiti cha choo cha soko ndicho kilichowaambukiza, na mama anamwonya binti yake asikojoe popote hadi arudi nyumbani. Usafi wa choo ni wa lazima kwa sababu ya kipindupindu, kuhara na minyoo, na halmashauri isiyojenga vyoo vya kutosha penye watu wengi inastahili kulaumiwa. Lakini mvuke haubebi E. coli hadi kibofuni, na ngozi inayogusa kiti cha choo siyo mlango wa mkojo. Hofu hiyo inaleta hasara ya namna nyingine. Mwanamke anayeuza nyanya au samaki katika soko la Mpondwe, au anayepanga foleni mpakani kuelekea Kasindi, upande wa Kongo, anajizuia tangu alfajiri hadi jioni, na ili aweze kujizuia hanywi maji. Tambarare ya Kasese ina joto kali, na mwili unaotoka jasho bila kunywa hutoa mkojo kidogo. Kibofu kinachooshwa mara mbili kwa siku kinawapa bakteria saa nyingi za kuzaliana. Kwa hiyo choo kinahusika, ila kwa kukikimbia zaidi kuliko kwa kukitumia.

Tuje kwenye swali kubwa: je, kila anayechomwa na mkojo ana UTI? Utafiti uliofanywa katika hospitali za Bushenyi, kusini ya Kasese, na kuchapishwa mwaka 2019, uliotesha mkojo wa wagonjwa 267. Waliokutwa na bakteria wa kutosha kuitwa maambukizi walikuwa 86, yaani asilimia 32.2, na E. coli aliongoza kwa wagonjwa 36. Mradi mkubwa zaidi, uitwao HATUA, ulipima watu zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI nchini Kenya, Tanzania na Uganda, Mbarara ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Huko nako waliothibitishwa maabara walikuwa takriban theluthi moja. Hawa walikuwa watu wenye dalili, waliofika kutafuta tiba, na mtu angewaona barazani angesema wote wana UTI. Wengi wao, kwa ushahidi wa maabara, hawakuwa nayo.

Basi wengine walikuwa na nini? Kisonono na klamidia huchoma mkojo vile vile, na kwa mwanamume kijana hizo ndizo za kushukiwa kwanza, hasa akiona usaha. Trikomona na fangasi wa ukeni huleta mwasho na uchafu, na mkojo ukipita juu ya ngozi iliyochubuka unauma ingawa kibofu ni kizima. Sabuni kali, dawa za kuoshea ndani ya uke na majani ya kujifukizia huharibu bakteria wazuri wanaolinda sehemu hiyo. Katwe, penye ziwa la chumvi, kuna jambo la pekee: wanaochimba chumvi husimama ziwani ndani ya maji makali saa nyingi, na maji hayo yanaunguza ngozi ya sehemu za siri. Maumivu yao ni ya kweli, lakini sipro haitibu chumvi. Wavuvi wa ziwa George na ziwa Edward wakiona damu kwenye mkojo hufikiria kichocho. Ni vizuri wajue kwamba kichocho cha maziwa ya magharibi mwa Uganda ni kile cha utumbo na ini. Kile cha mkojo kinajulikana zaidi upande wa kaskazini, katika eneo la Lango. Damu kwenye mkojo wa mtu wa Kasese inaweza kuwa UTI, mawe ya figo, jeraha au uvimbe, na haifai kumalizwa kwa kukisia.

Msomaji makini atapinga hapa. Atasema kwamba huenda hao wasiokutwa na bakteria walikuwa wamekwisha kumeza dawa kabla ya kwenda hospitali, na dawa ikawaficha vijidudu. Ni kweli kwa baadhi yao, na kwa kweli hoja hiyo inaunga mkono kupima mapema: kidonge kimoja au viwili vilivyomezwa kwa kubahatisha vinaweza kuharibu kipimo bila kuponya ugonjwa. Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Utafiti wa kitabibu uliokusanywa nje ya Afrika na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba mwanamke anayechomwa na mkojo, anayekwenda haja ndogo mara kwa mara, na ambaye hana uchafu wala mwasho ukeni, ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 wa kuwa na UTI kweli. Mwanamke kama huyo, akiwa mzima, hana mimba, na hajaugua karibuni, mhudumu wa afya anaweza kumtibu bila kungoja maabara. Ninakubali. Lakini angalieni kilichofanyika: mtu ameulizwa maswali manne au matano na majibu yamepimwa. Kupima kunaanza na maswali. Duka ambalo halimuulizi mteja kama ana uchafu ukeni, kama ana mimba na kama ana homa, limeruka hata kipimo kisicho na gharama.

Baada ya maswali kinakuja kipimo cha ukanda, ambacho kituo cha afya cha kawaida kinaweza kukifanya. Ni kipande chembamba cha plastiki chenye miraba ya rangi. Kinachovywa mkojoni, kinakung'utwa, na baada ya dakika moja au mbili rangi zinasomwa kwa kulinganishwa na zile za kwenye kopo. Mraba wa naitraiti ukigeuka wa waridi, maana yake bakteria kama E. coli wamekuwa wakigeuza chumvi za mkojo kuwa naitraiti. Mraba wa chembe nyeupe ukigeuka zambarau, mwili unapigana na kitu. Kipimo hiki kina mipaka yake. Naitraiti inahitaji mkojo ukae kibofuni saa 4 hivi, ndiyo maana mkojo wa asubuhi ni bora. Kuna bakteria wasioitengeneza kabisa, kwa hiyo mraba usiogeuka haumaanishi huna ugonjwa. Na chembe nyeupe huonekana pia kwenye kisonono au fangasi. Miraba yote miwili ikigeuka kwa mtu mwenye dalili, shaka inapungua sana. Yote miwili ikikaa kimya, ni vema kutafuta chanzo kingine kwanza.

Namna ya kutoa mkojo ina uzito sawa na kipimo chenyewe. Osha mikono. Mwanamke atenganishe midomo ya uke, mwanamume ambaye hakutahiriwa avute govi nyuma. Acha mkojo wa kwanza uende chini, kinga wa katikati kwenye kopo safi la maabara, wa mwisho umalizie chooni. Usitumie chupa ya soda iliyosuuzwa wala kopo la dawa ya mtoto. Katika hali nzuri E. coli huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi, kwa hiyo mkojo uliokaa saa mbili kwenye mfuko wa bodaboda chini ya jua la Kasese unafika maabara ukiwa na jeshi ambalo halikuwa mwilini. Upeleke ndani ya saa moja, au utoe pale pale kituoni. Maabara ikiuotesha, majibu huchukua siku moja hadi mbili au zaidi, na pamoja na jina la kijidudu yataonyesha dawa zinazokiua na zisizokiua.

Hapo ndipo tunafika kwenye dawa. Shirika la Afya Duniani limegawa antibayotiki katika makundi matatu: za matumizi ya kawaida, za kuangaliwa kwa uangalifu, na za akiba. Kwa UTI ya kibofu isiyo na matatizo, mwongozo wake wa mwaka 2022 unataja nitrofurantoini miongoni mwa dawa za chaguo la kwanza, nayo iko kundi la kawaida. Siprofloksasini, yaani sipro inayouzwa kama pipi, iko kundi la kuangaliwa. Nitrofurantoini hujikusanya kwenye mkojo na kushambulia palepale penye ugonjwa. Humezwa pamoja na chakula, kwa kawaida siku 5, na kuufanya mkojo uwe wa njano iliyokolea au kahawia, jambo lisilo la kuogopesha. Lakini haifiki ya kutosha kwenye figo wala kwenye damu, hivyo haitibu maambukizi ya figo. Haifai mwishoni mwa ujauzito, wala kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, tatizo lisilo la nadra penye malaria nyingi. Sipro nayo ina nafasi yake, hasa kwenye ugonjwa wa figo, lakini ikitumiwa kwa kila mchomo inapoteza makali. Katika mradi wa HATUA, takriban nusu ya E. coli waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa za aina nyingi. Kwa dunia nzima, hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 inakadiria kwamba usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019. Flaji inayoongezwa kwenye bahasha haimuui E. coli hata kidogo, inalipiwa bure.

"Hayo ni ya wenye fedha," atasema mkulima wa kahawa wa milimani Rwenzori. "Hospitali iko mbali, na nikifika naambiwa vifaa vimekwisha." Malalamiko haya yana msingi. Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, lakini huduma ya bure isiyo na vifaa inamrudisha mgonjwa kwenye duka la kulipia. Mafuriko ya mto Nyamwamba mwezi Mei 2020 yaliiharibu hospitali ya Kilembe, na watu wa upande ule wakalazimika kutafuta huduma kwingine. Hata hivyo, hesabu iwe kamili. Asiyepima hulipia dawa ya kwanza isiyofaa, kisha ya pili, kisha sindano, na mwisho hufika hospitali ya Bwera au ya Kagando figo zikiwa zimeshashambuliwa, analipia safari, chakula cha kitandani na siku za kazi zilizopotea. Ukanda wa kupimia mkojo ni miongoni mwa vipimo rahisi kabisa vya maabara. Muuzaji dawa hawezi kuwa maabara, lakini anaweza kuuliza maswali na kumwambia mteja, "Wewe, dada, nenda kituoni kwanza." Na wananchi wanapokaa kwenye vikao vya vijiji na serikali za mitaa, upatikanaji wa kipimo hiki unastahili kudaiwa sawa na chandarua.

Wapo wasiopaswa kungoja wala kukisia. Mwenye homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, au kutapika, ana dalili za figo kuambukizwa, na katika eneo la malaria hatari ni kwamba homa hiyo itapewa dawa ya malaria na kuachwa. Kipimo cha malaria kikisema hakuna, mkojo ufuate. Mtoto mdogo mwenye homa isiyo na sababu naye apimwe mkojo, kwa maana hawezi kusema kinachomchoma. Mwanamume mwenye dalili hizi aende kituoni, kwa sababu tezi dume au ugonjwa wa zinaa unaweza kuwa nyuma yake. Mjamzito ni wa kwanza kabisa. Asilimia 2 hadi 10 ya wajawazito wana bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote, na wasipotibiwa hadi asilimia 30 kati yao wanaweza kupata maambukizi ya figo, ambayo huchangia kuzaa kabla ya wakati. Kwa hiyo mama anayeambiwa kliniki atoe mkojo asione ni usumbufu, na asipoambiwa atoe mkojo aulize mwenyewe. Wala asinunue sipro dukani, kwa sababu si dawa ya kumpa mjamzito bila uamuzi wa daktari.

Kupima nako kunaweza kutumiwa vibaya. Baadhi ya kliniki humpima mkojo kila anayeingia, hata aliyekuja na maumivu ya goti, kisha chembe chache za usaha zinaandikwa "UTI" kando ya "malaria", na mgonjwa anaondoka na mifuko miwili ya vidonge. Asiye mjamzito, asiye na dalili, na asiyesubiri upasuaji wa njia ya mkojo, hana haja ya kutibiwa kwa sababu tu bakteria wameonekana. Kumtibu hakumfaidii, na kunawafundisha bakteria ukaidi. Kipimo ni jibu la swali. Pasipo dalili, swali halijaulizwa. Hivyo hivyo, majibu ya UTI yasigeuzwe kesi ya uzinzi nyumbani. UTI ya kawaida haiambukizwi kama kisonono, hata ikitokea baada ya kukutana na mume. Ila kipimo kikionyesha klamidia au kisonono, wenzi wote wawili watibiwe, la sivyo mmoja atamrudishia mwenzake.

Kinga iliyo na ushahidi ni ndogo kuliko orodha za mitaani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara na wanaokunywa maji kidogo waligawanywa makundi mawili, na nusu yao wakaongeza lita moja na nusu ya maji kwa siku. Katika mwaka mmoja walioongeza maji waliugua mara 1.7 kwa wastani, wenzao mara 3.2. Kwa anayeshinda sokoni au shambani, hilo ni sawa na kuongeza chupa tatu za nusu lita za maji yaliyochemshwa, na kukubali kwenda chooni kila mkojo unapobana. Kukojoa baada ya tendo la ndoa na kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma hakugharimu kitu, ingawa ushahidi wake si mzito. Kuacha kujiosha ndani ya uke ni ushauri mzuri kwa kila mwanamke. Ama miti shamba, mwenye kuipenda asiitumie kuchelewesha tiba pale homa na maumivu ya ubavu vinapokuwapo.

Mpaka wa Mpondwe unaongeza jambo moja ambalo wilaya za ndani hazilijui sana. Watu wanaugua Kasindi wakatibiwa Bwera, au kinyume chake, na daftari la upande mmoja limeandikwa Kifaransa, la upande wa pili Kiingereza. Mgonjwa anayesema "nilipewa vidonge vyeupe" hamsaidii mhudumu. Mwambie aliyekutibu aandike jina halisi la dawa badala ya jina la kampuni, kiasi, siku ulizomeza, na majibu ya mkojo kama yapo. Majina halisi ya dawa yanafanana sana katika lugha zote mbili, na afisa kliniki yeyote atayasoma. Daftari la aina hiyo linazuia kupewa tena dawa iliyoshindwa, na linaonyesha kama ugonjwa umerudi au haukuwahi kuondoka.

Faida ya mwisho ya kupima inawagusa hata wasiougua leo. Mkojo uliooteshwa unampa mgonjwa jibu lake, na papo hapo unaiambia hospitali ni dawa zipi bado zinafanya kazi katika wilaya hii. Majibu mia kadhaa yakikusanywa na kusomwa pamoja, madaktari wa Kasese wataacha kutegemea takwimu za Mbarara au Bushenyi na watamwandikia mjamzito wa Bwera dawa waliyoithibitisha kwa E. coli wa Bwera. Mteja akiuliza dukani "nipime wapi kwanza?" anajisaidia yeye, na anaacha ushahidi utakaomtibu mwenzake mwakani.